Kurekebisha ajaili kidogo kidogo: mwongozo kwa timu ya programu jijini Nairobi

Timu nyingi za programu hapa Nairobi huipata ajaili (agile, yaani kutengeneza programu kwa vipande vidogo na kurekebisha mwenendo mara kwa mara) kwa mkupuo. Watu wawili watatu hupelekwa mafunzo ya siku mbili kwenye hoteli fulani Westlands, hurudi na vyeti, na Jumatatu inayofuata ofisi nzima inaamkia kikao cha kusimama cha kila asubuhi, sprinti (vipindi vya kazi) za wiki mbili, pointi za kukadiria ukubwa wa kazi, ubao wa Jira (programu ya kufuatilia kazi) na cheo kipya kwa aliyekuwa meneja wa mradi. Miezi michache baadaye kikao cha asubuhi kimegeuka mahali pa kumpa mkubwa ripoti, kazi zisizoisha zinaburutwa kutoka sprinti moja hadi nyingine, na kikao cha kujitathmini kimeahirishwa tena kwa sababu "wiki hii tuko bize".

Mwongozo huu ni wa timu iliyofika hapo. Hauwataki muanze upya. Badilisheni kanuni moja kwa wakati, kwa kipindi chenye mwisho unaojulikana, mkianzia pale kazi inapokwama. Na mkiipanga sprinti, kalenda ya biashara yenu itangulie ile ya kitabuni.

Nitatumia mfano mmoja kote: timu ya kufikirika ya watu saba, ofisi Kilimani, inayotengeneza programu ya mishahara kwa kampuni ndogo na za wastani. Nimeichagua mishahara kwa sababu haisamehi. Mfanyakazi akikatwa shilingi mia mbili zaidi, atapiga simu kabla ya saa nne.

Je, inaruhusiwa kubadilisha ajaili?

Aliyetoka mafunzo ndiye huuliza. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi la ajaili, na kanuni 12 zikaambatana nalo. Ya mwisho kati ya hizo inaitaka timu iketi kila baada ya muda, ifikirie jinsi ya kufanya kazi vizuri zaidi, kisha ibadili mwenendo wake. Kwa hiyo anayerekebisha utaratibu anafuata ajaili kama ilivyoandikwa.

Skramu, utaratibu wa ajaili wenye sprinti na vikao hivyo, ni kali zaidi. Mwongozo wake rasmi, toleo la 2020 la waanzilishi wake, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unasema anayetumia vipande tu vya skramu hana skramu. Sawa, msiiite skramu. Mteja wa Industrial Area anayetaka watu wake walipwe Ijumaa hajali jina. Na kwa wanaoshika sana kitabu: yale maswali matatu ya asubuhi (jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, nimekwama wapi) yameondolewa katika toleo hilohilo, ingawa ofisi nyingi bado zinayakariri.

Kanbani, utaratibu wa kuendesha kazi kwa ubao, jinsi David J. Anderson alivyoieleza kwa kazi za programu, inaanzia pale mlipo leo, na majukumu mliyo nayo, kisha inasonga hatua kwa hatua. Mimi naegemea huko.

Hatua ya 1: Choreni njia ambayo kazi inapita kweli

Chukueni kadi kumi za mwisho, yaani kazi kumi za kwenye ubao, zilizomfikia mteja. Kwa kila kadi andikeni tarehe tano: iliombwa lini, mtu aliianza lini, msimbo (maandishi ya programu) ulipelekwa kukaguliwa lini, ulijaribiwa lini, mteja aliupata lini. Msitegemee kumbukumbu za watu. Git (programu inayohifadhi historia ya msimbo) na historia ya kadi zinatosha, na kazi yenyewe inaisha mchana mmoja.

Mara nyingi kuandika msimbo hakutakuwa ndiko kulikochukua muda. Tuseme kadi ya kurekebisha hati ya mshahara iliandikwa kwa siku mbili, ikakaa siku tisa ikimsubiri mkaguzi ambaye ni mtu mmoja tu, kisha siku nne zaidi ikingoja toleo la mwezi, yaani siku mabadiliko yanapofikishwa kwa wateja. Sprinti haina kosa hapo. Kazi ilikuwa imelala. Kwa hiyo ubao wenu uwe na safu ya kusubiri: "inasubiri kukaguliwa" isichanganywe na "inakaguliwa". Kazi iliyolala isipoonekana, hakuna atakayeiamsha.

Kisha zitafuteni kazi zisizo na kadi. Hapa Nairobi nyingi ziko WhatsApp. Mhasibu wa mteja alipewa nambari ya msanidi (mwandishi wa programu) mmoja siku ya kufundishwa mfumo, na tangu hapo hajawahi kupigia mtu mwingine. "Kijana wangu, hebu niangalilie hii hati ya Wanjiku, makato hayalingani." Ni ombi la heshima kutoka kwa mtu mzima, na kijana hawezi kumwambia mama huyo akafungue tiketi. Anamsaidia, saa moja na nusu inapotea, na ubao unaonyesha kwamba alikuwa akishughulikia ripoti ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii). Mwingine anatoka mauzo, anaegemea meza: "Boss, ni karipoti kadogo tu, dakika tano." Karipoti kadogo kanakula mchana.

Kwa wiki moja kila mtu aandike maombi ya namna hii: nani aliomba, kwa njia gani, yalichukua muda gani. Msimkemee aliyesaidia. Akikemewa ataendelea kusaidia kwa siri, na hapo mtakuwa mmepoteza hata takwimu. Mwisho wa wiki zijumlisheni saa hizo. Ikiwa ni robo ya muda wa timu, basi sprinti zenu zimekuwa zikipangwa kwa watu ambao hawapo.

Hatua ya 2: Chagueni kero moja, si tano

Hii ni kazi ya kikao cha kujitathmini, na hapa ndipo timu zetu nyingi hushindwa. Mbinu za kuendesha kikao ni nyingi na rahisi kujifunza. Kinachoshinda watu ni kusema ukweli mbele ya mkubwa.

Mwenye kampuni akiketi chumbani, kila kitu kitakuwa sawa. Hatuwezi kujifanya kwamba kijana aliyeajiriwa juzi atampinga mtu anayemlipa, mbele ya watu, kwa sababu tu kuna karatasi za rangi ukutani. Mwombeni akae nje ya vikao vya mwanzo. Kiongozi wa timu amwendee mapema, ana kwa ana, amweleze sababu na kumwahidi ukurasa mmoja wa matokeo. Asigundue kupitia kalenda kwamba hakualikwa.

Ndani ya chumba, dakika kumi za kwanza ziwe za kuandika kimya. Kisha mwanagenzi asome alichoandika kwanza, na mwenye uzoefu mkubwa kabisa asome mwisho. Mkianza na mkubwa, waliobaki wote watakubaliana naye. Na kama kuna mtu mpya, mpeni nafasi ya kutosha: mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye bado anashangaa kwa nini toleo linahitaji ruhusa ya watu watatu, nyinyi mlishazoea.

Kuhusu lugha nina msimamo. Mikutano mingi ya kazi hii huendeshwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza cha ofisini watu huleta sentensi laini za ripoti ambazo hazimgusi yeyote. Waacheni waongee Kiswahili, au Sheng kama ndiyo wanayoongea wakienda kula. Mtasikia mambo ambayo hamjawahi kuyasikia kwenye kikao chochote, mengine yakisemwa kwa kicheko, na hayo ndiyo ya kuandika. Ikiwa timu ina mtu asiyeelewa Kiswahili, basi mpango huu haufai.

Kero iandikwe kwa kutaja kazi, isitaje mtu. "Kadi zinakaa zaidi ya wiki zikisubiri ukaguzi" inajadilika. "Fulani hakagui" inaleta ugomvi. Baada ya hapo ulizeni kwa nini, na mkijibiwa ulizeni tena, kwa namna ile ya Toyota ya kuuliza hadi mara tano. Kwa nini ukaguzi unachelewa? Ni mtu mmoja tu anayeruhusiwa. Kwa nini mmoja? Sehemu ya makato ya kodi haijulikani na mwingine. Kwa nini haijulikani? Haina majaribio ya msimbo wala maelezo, kwa hiyo kila anayeigusa anaogopa. Sasa mna kitu cha kushika. Zile kero nyingine ziwekeni kwenye orodha, hazitakimbia.

Hatua ya 3: Andikeni jaribio

Mabadiliko yasiyoandikwa huisha wiki ya pili. Ukurasa mmoja unatosha, kwa mfano:

Kanuni: Kadi tatu zikiwa zinasubiri kukaguliwa, hakuna kuanza kadi mpya. Aliye huru akague kwanza, na kadi za makato zikaguliwe na watu wawili, mmoja wao akiwa anajifunza.
Muda: wiki nne.
Tutaangalia: siku ambazo kadi inasubiri ukaguzi, idadi ya hitilafu zinazoripotiwa na wateja.
Wa kukumbusha: jina la mtu mmoja.
Ikishindikana: tunarudi kwenye utaratibu wa zamani, bila lawama.

Angalieni kuna vipimo viwili, na kimoja kinakichunga kingine. Mkipima kasi ya ukaguzi peke yake, watu wataidhinisha msimbo bila kuusoma, na takwimu zitapendeza huku simu za wateja zikiongezeka. Wiki nne nazo zina sababu: kwa timu ya mishahara zinapita kwenye mwisho mmoja wa mwezi, ambao ndio mtihani wenyewe.

Msianzishe jaribio la pili kabla la kwanza kuisha. Mkibadilisha saa za kikao, urefu wa sprinti na kanuni ya ukaguzi kwa pamoja, hamtajua kilichosaidia ni kipi, na mtabaki na vyote vitatu milele.

Hatua ya 4: Mahali pa kuanzia, kwa uzoefu

Kama kero yenu haijajichagua, jaribuni kwanza kupunguza kazi zinazoendelea kwa pamoja. Hesabu yake ni ya mtaalamu wa Marekani John Little, aliyeithibitisha mwaka wa 1961: kwa wastani, muda ambao kazi inakaa kwenye mfumo ni sawa na idadi ya kazi zilizomo ikigawanywa kwa kasi ya kuzimaliza. Timu yetu ya saba ina kadi 24 mkononi na inamaliza sita kwa wiki. Kila kadi itachukua takriban wiki nne. Zikishushwa hadi 12 na kasi ikabaki ileile, wiki mbili. Hakuna aliyekesha wala aliyeajiriwa. Ugumu uko kwa mtu: anaona vibaya kukaa bila kadi yake mwenyewe, na meneja akipita akimkuta anasoma msimbo wa mwenzake anadhani hana kazi. Meneja huyo aelezwe kabla ya siku ya kwanza.

Kikao cha asubuhi kirekebisheni kwa kukisogeza. Saa tatu kamili, mtu wa Rongai au Kitengela bado yuko barabarani, na mvua za Aprili zikianza hata wa Ngong Road hafiki. Saa nne inafaa, au kila mtu aandike mistari miwili kabla ya hapo. Mkikutana, someni ubao kutoka kulia kwenda kushoto, yaani kuanzia kazi iliyo karibu zaidi na mteja, badala ya kuzunguka mtu kwa mtu. Mazungumzo hubadilika mara moja, kutoka "mimi jana" hadi "hii kadi inahitaji nini iondoke". Dakika 15 zikiisha, simameni hata kama hamjamaliza.

Ukubwa wa toleo ni suala zito zaidi. Toleo moja kubwa la mwisho wa mwezi ni matatu inayosubiri kujaa stejini: aliyepanda kwanza ndiye anayeteseka zaidi. Mnataka kuondoka na abiria wawili watatu, mara nyingi. Lakini hapa vikao havitawasaidia. Mnahitaji majaribio ya kiotomatiki kwa kila kato, swichi kwenye msimbo za kuwasha kipengele kwa mteja mmoja kabla ya wote, na njia ya kurudi toleo la nyuma kwa dakika chache. Bila hayo, anayewaambia mtoe toleo kila wiki anawaambia mwaribu mishahara kila wiki. Nimeona timu zikibadilisha vikao mwaka mzima huku zikikwepa kazi hii, na sishangai kwamba hakuna kilichobadilika.

Sasa urefu wa sprinti. Kitabu kinataka sprinti zenye urefu mmoja, zisizozidi mwezi. Kalenda ya timu yetu haijui hilo. Wiki ya mwisho ya mwezi mishahara inachakatwa. PAYE (kodi ya mshahara) inapaswa kuwa imewasilishwa KRA (mamlaka ya kodi) kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Wateja wanaolipa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) wana tarehe 20. Juni 30 ni siku ya mwisho ya marejesho ya kodi ya mwaka ya watu binafsi, na kesho yake, Julai 1, ndipo vifungu vingi vya Sheria ya Fedha huanza kutumika. Sprinti ya wiki mbili inayojirudia bila kutazama nyuma wala mbele siku moja itaiangusha siku ya kutoa toleo kwenye tarehe 28, na hapo msanidi, mhasibu na mteja wote watajuta.

Jaribio linalofaa ni kuugawa mwezi kwa jinsi ulivyo. Tarehe 10 hadi 24, jengeni: mipango, kazi mpya, matoleo madogo. Tarehe 25 hadi 9, hudumieni: hakuna toleo linalogusa hesabu za mshahara, watu wawili wanashika simu na WhatsApp kwa zamu, waliobaki wanaandika majaribio ya msimbo, wanasafisha msimbo wa zamani na kuandaa kadi za kipindi kijacho. Yule mama mhasibu apewe nambari ya zamu, na aambiwe na kijana wake mwenyewe, kwa simu, kwamba akipiga hapo atahudumiwa haraka zaidi. Atakubali akiona ni kweli.

Mkigawa hivyo, acheni pia nafasi ya yasiyopangika, kwa maana Kenya haijawahi kuwanyima wenye programu za mishahara kazi ya ghafla. Viwango vipya vya NSSF vilianza Februari 2023, vikapanda tena Februari 2024 na Februari 2025. Makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yaliingia na Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikayatangaza kuwa kinyume cha Katiba Novemba mwaka huohuo, yakasitishwa Januari 2024, yakarudi Machi 2024 kwa sheria mpya. Oktoba 2024 NHIF (bima ya afya ya zamani) ikaondoka, SHIF (mfuko mpya wa afya) ya asilimia 2.75 ikaingia. Wekeni kwenye ubao njia ya dharura yenye nafasi ya kadi moja tu, na mtaje kwa cheo nani anayeruhusiwa kuweka kadi humo. Kukiwa na kadi mbili za dharura, huyo mtu achague. Njia ya dharura isiyo na kikomo ni ubao wa pili.

Kuhusu makadirio sina mengi ya kusema. Kama pointi zinawaletea mabishano ya saa nzima, ziacheni kwa kipindi kimoja na mhesabu kadi zinazomalizika kwa wiki. Timu nyingi hazirudi.

Hatua ya 5: Mkubwa, mteja na tenda

Mwenye kampuni anataka kujua vitu viwili: itakuwa tayari lini, na itagharimu nini. Akipewa mchoro wa pointi atauliza maswali zaidi. Mpeni tarehe zinazotokana na kadi zilizopita: kazi za aina hii, kwa kawaida, zimechukua kati ya siku kadhaa na kadhaa.

Mteja wa tenda ni mgumu, hasa wa serikali au shirika kubwa, kwa sababu mkataba umeorodhesha kila kitu na malipo yamefungwa kwenye hatua za kukabidhi. Msijaribu kumgeuza awe mtu wa ajaili. Hatua za mkataba zibaki kama zilivyo. Ndani yake fanyeni kazi kwa vipande vidogo, na kila wiki mbili mwonyesheni mtumiaji halisi, karani anayeketi na mfumo, kile kilichopo. Maoni yake yaandikwe kwa barua pepe siku hiyohiyo. Mkifika siku ya kukabidhi, mna ushahidi.

Hatua ya 6: Kagueni, tupeni

Kipindi kikiisha, fungueni ule ukurasa na mtazame vipimo viwili. Kama vimeboreka, kanuni inabaki, na inapewa tarehe ya kuangaliwa tena. Kama havijaboreka, inaondoka. Kama haijulikani, ongezeni muda mara moja tu. Kila kanuni mpya ikiingia, tafuteni kikao, fomu au ripoti ya zamani ya kuondoa. Utaratibu unaoongezeka pekee hufikia mahali watu wanaukwepa wote.

Kurasa za majaribio zihifadhiwe mahali pamoja na msimbo, yakiwemo yaliyoshindwa, pamoja na sababu. Mtu mpya akizisoma ataelewa kwa nini hakuna toleo tarehe 27 bila kumsumbua mtu. Timu ya pili ikianzishwa isinakili kanuni zenu. Ikiwa inatengeneza programu ya shule, kalenda yake ni ya mihula na karo, na kero zake ni nyingine kabisa.

Kuna siku ambazo kanuni hizi zote hulala. Data za wafanyakazi zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Siku hiyo wekeni ubao kando. Mtu mmoja aongoze, wa pili aandike kila kilichofanyika na saa yake, wa tatu aongee na wateja. Jaribio lililokuwa likiendelea lisitishwe, na wiki hiyo isihesabiwe kwenye matokeo yake.